Kigoda cha Sita cha Milimita

Haya ninayoyaandika hamtayaamini, na wala sijali. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, lakini jambo likitakiwa kusimuliwa likasimulika, hata wenye shahada zao huja kunigongea mlango. Habari yenyewe ni ya fundi seremala aliyeng'olewa jino zima, lisilo na tundu wala doa, kwa sababu ya kigoda cha maua. Mnaona? Mmeshaanza kuguna. Guneni tu. Fundi mwenyewe yupo hapahapa, hatua tatu kutoka nilipoketi, anapiga randa, na kila nikimaliza karatasi moja namsomea kwa sauti. Kama nadanganya, mdomo anao. Meno pia anayo, ukitoa hilo moja.

Fundi huyo ni shemeji yangu. Alimwoa dada yangu mkubwa, na kwa nini dada yangu alikubali ni swali ambalo familia yetu iliacha kuliuliza zamani. Mtaa mzima wanamwita Milimita, na msidhani ni sifa. Mwonyeshe meza mpya, vanishi haijakauka: ataizunguka mara moja, atafumba jicho la kushoto, kisha atatoa hukumu. "Imezidi milimita mbili, upande wa dirishani." Ukileta futi ya chuma uhakikishe, ananuna. Futi, anasema, ni ya watu wasio na macho.

Miaka ishirini na tisa alichonga miguu ya meza kwenye kiwanda cha fanicha. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na sanduku la patasi na kichwa kilichovimba. Mwenzake mwenye akili angetengeneza vitanda na milango, vitu ambavyo binadamu anavihitaji. Milimita akaanza kutengeneza vigoda vya maua. Naam, vile vistuli vifupi vya kuwekea chungu cha maua ya ndani ili kisiguse sakafu. Maua yenyewe si ya kula, si ya dawa, hata mbuzi ukimpelekea atayanusa na kukupa mgongo. Lakini siku hizi watu wanayaweka sebuleni, wanayafuta vumbi jani mojamoja kwa kitambaa kibichi, na sasa wameamua kwamba yanahitaji kiti. Katika nyumba hizohizo mgeni akija anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Mbao hanunui. Mbao mpya, kwa maneno yake, ni mbao za kitoto, hazijaona kitu. Anataka mabaki: ubavu wa kitanda kilichovunjika, fremu ya mlango iliyong'olewa, dawati la shule lenye majina ya watoro. Lakini msifikiri anaokota chochote. Mbao za makreti anazidharau ("zimezoea kubeba vitunguu, heshima zitaitoa wapi?"), na plaiwudi ukiitaja mbele yake anakutazama kama umetukana mama yake. Misumari hatumii. Kila mguu anauchonga ulimi, kila ubao wa juu anautoboa tundu, ulimi unaingia tunduni kwa kugongwa taratibu, na kwa chini anachora alama yake, nukta tatu, mahali ambapo hakuna mtu atakayepachungulia isipokuwa mende.

Na mbao anazichagua kwa sikio. Hapo ndipo majivuno yake yalipojenga makao. Anakigonga kipande kwa kifundo cha kidole, anakiweka shavuni, anafumba macho kama mtu anayepokea simu ya siri. "Huu umekufa zamani," anasema, maana yake umekauka, unafaa. Au, "Huu bado una mambo yake," anautupa. Kwa miaka yote hiyo hajawahi kusema amekosea. Hata siku aliyopachika mlango wa choo ukawa unafungukia ndani hadi kugonga magoti ya aliyekaa, alisema aliyekaa ndiye aliyekaa vibaya.

Sasa hayo mabaki yalikuwa yakikaa wapi? Kwenye chumba cha mabinti. Mabinti wote wawili wameolewa, chumba kikabaki kitupu siku nne nzima. Siku ya tano likaingia benchi lake la kazi, alilotoka nalo kiwandani, zito kama dhambi, likawekwa chini ya dirisha penye mwanga. Kisha zikaingia mbao. Mwaka ulipoisha mlango ulikuwa unafunguka robo tu, ukitaka kuingia unatanguliza bega, unavuta tumbo.

Dada yangu naye ni mshonaji. Cherehani yake ilikuwa jikoni, kati ya jiko na rafu ya sufuria. Anashona gauni la mteja huku mchuzi unachemka ubavuni. Siku moja bibi arusi alilirudisha gauni lake. Halikuwa limembana popote. Alisema linanuka vitunguu, na bwana arusi akilikaribia atasikia njaa badala ya mapenzi.

Dada yangu hakupiga kelele. Alisubiri Milimita arudi kutoka kwa daktari wa meno, mama mmoja mwenye kliniki yake barabara ya pili, ambako alikuwa amepata oda ya vigoda sita kwa ajili ya chumba cha kungojea. Alirudi ametanguliza kifua.

"Mama watoto, sita! Kwa mpigo! Daktari msomi ameona kazi yangu akakubali."

"Vizuri," dada akasema. "Sasa sikiliza, baba watoto. Hivyo vigoda sita vikienda huko, tuhesabu mwezi mmoja. Mwezi ukipita hakuna hata kimoja kilichorudi mlangoni pangu kwa ubovu, chumba ni chako, sitakitaja tena hadi nife. Kikirudi kimoja, kimoja tu, benchi linatoka na cherehani yangu inakaa pale dirishani."

Milimita alicheka mpaka akashika ukuta. "Kirudi? Kazi yangu irudi? Mwanamke, wewe umeshapoteza chumba."

"Tutaona."

"Hakuna cha kuona!"

Vigoda vitano alivimaliza kwa wiki mbili, na hapa nitasema ukweli ingawa unaniuma kidogo: vilikuwa vizuri. Unakikalia, unajitikisa, kinakutazama tu. Kwenye cha sita mabaki yakamwishia. Chumba kilikuwa kimejaa, lakini kila kipande alichoshika alikikuta na kasoro. Akatoka nje akizungukazunguka nyuma ya nyumba, mikono mgongoni, kama mkaguzi aliyekosa kitu cha kukagua.

Jirani yetu alikuwa amebomoa ua wake wa miti ili ajenge wa tofali. Ile miti ilikuwa imelala kwenye rundo, mizuri, minene kama kifundo cha mkono, na gamba lake laini. Milimita akauchukua mmoja. Akaugonga. Akauweka shavuni. Akafumba macho.

"Huu umekufa zamani."

Dada yangu alikuwa akianika nguo. "Hilo gamba si bado lina ukijani?"

"Ni kuvu."

"Kuvu gani mbichi hivyo?"

"Mama watoto, kila mtu na kazi yake. Mimi nimewahi kukufundisha kutia uzi kwenye sindano?"

Akaikata miguu minne, akaacha gamba lake lote, eti ndilo urembo, eti daktari ni msomi atapenda kitu cha asili. Vanishi akapaka ubao wa juu tu. Akachora nukta zake tatu. Vigoda sita vikaenda kwa mkokoteni, na yeye mbele yake akitembea kama anaongoza gwaride.

Kliniki ile ni ndogo. Ukiingia kuna meza ya msichana wa mapokezi, viti nane vya plastiki, dirisha kubwa, na ukutani bango lililoandikwa kwa herufi kubwa: WANAOKAA HAPA NI WAGONJWA TU. Vigoda vitano vilipangwa ukutani. Cha sita, kwa uzuri wake, kiliwekwa peke yake pembeni ya dirisha, jua likikipiga, na chungu cha maua kipya juu yake. Msichana wa mapokezi, kwa kuogopa sakafu isilowe, akakisimamisha kigoda ndani ya trei ya bati. Kisha akawa anamwagilia kila asubuhi kwa moyo wake wote. Maji yakipita kwenye chungu yanashuka kwenye trei, yanatulia, na miguu minne ya Milimita imesimama humo inakunywa.

Siku ya kumi na mbili simu ikalia.

"Mzee, kigoda chako kimeota."

"Kimeota kutu? Mimi situmii misumari."

"Kimeota majani."

Milimita alikata simu kana kwamba imemuunguza. Alipofika kliniki alichungulia, na kweli: kwenye mguu wa nyuma kulikuwa na vichipukizi viwili, vidogo, vya kijani, vimekunjana kama ngumi za kitoto kichanga. Akainama kama anayefunga kamba za viatu, akavikwanyua kwa ukucha, akavitia mfukoni.

"Mbona unavitoa? Vinapendeza," msichana akasema.

"Ni gundi inatoka nje. Ikikauka hufanya hivyo."

"Gundi ya kijani?"

"Ya kisasa."

Kila siku ya pili ikawa lazima arudi, maana kila alipokwanyua kimoja vilichomoza viwili. Na bango lile pale ukutani halikumwachia nafasi ya kukaa bure. Akaanza kuja ameshika shavu. Anakaa kiti kilicho karibu na dirisha, anaguna kidogo, msichana akigeuka tu, mkono unashuka chini, kwanyu, mfukoni. Nyumbani alimwambia dada yangu jino linamsumbua. Dada akamchemshia maji ya chumvi asubuhi na jioni. Aliyasukutua yote, mtu mzima, huku meno yake yote yakiwa mazima kama ya farasi. Mfuko wa suruali ulikuwa umejaa majani.

Mara ya tano daktari mwenyewe alitoka mlangoni.

"Huyu mzee namwona kila siku ameshika shavu na haingii. Mzee, unaogopa?"

Wagonjwa wote wakamgeukia. Mwanamume wa miaka sitini na mbili, fundi wa miguu ya meza za wakubwa, aonekane anaogopa koleo? Akainuka, akaingia.

Daktari alimlaza kwenye kiti kile kinachoinama, akamulika, akagonga jino mojamoja kwa kijichuma chake.

"Hili?"

"Aah."

"Hili la mwisho?"

Ilikuwa lazima ataje moja. "Hilohilo."

"Ajabu. Mimi naliona zima kabisa. Rudi nyumbani kwanza, tuliangalie wiki moja."

Mtu yeyote mwenye ubongo wa saizi ya karanga angesema asante daktari, akaenda zake. Lakini Milimita aliona ni kama ameambiwa kwamba hajui kusikiliza kitu kikigongwa. Alikaa wima.

"Daktari, ligonge tena." Akagonga. Milimita akafumba macho. "Mimi kazi yangu ndiyo hii. Sikiliza mlio huo. Hilo limekufa zamani."

Wakabishana robo saa. Daktari akasema hapendi, Milimita akakaza shingo, mwisho ikaletwa karatasi akaitia saini kwamba ni kwa hiari yake. Jino likatoka na mizizi mitatu myeupe peee, likawekwa kwenye kisahani mbele yake, linang'aa. Daktari akamkunjia pamba.

Akiwa anatoka na shavu lililokufa ganzi, alitupa jicho dirishani. Mguu wa mbele ulikuwa umetoa kijani.

Dada yangu si mtu wa kuchezewa shere muda mrefu. Siku ya tatu baada ya kung'olewa alimwona bwana wake akitafuna karanga kwa ule upande wa pengo bila kukunja uso. Na alipokuwa akifua suruali alitoa mfukoni lundo la vijani vilivyonyauka. Alivifunga kwenye leso.

Milimita naye alikuwa amejifungia chumbani. Zilibaki siku nne mwezi uishe. Alikuwa ameamua kutengeneza kigoda kingine cha sita, akibadilishe kimyakimya, kile cha aibu akitupe mbali ambako hakitahesabika kimerudi. Lakini safari hii alitaka mbao ambayo hata ikizamishwa mtoni haitafufuka. Akagonga hiki, akagonga kile, na kwa mara ya kwanza maishani mwake sikio lake hakuliamini. Kila kipande kilimlilia mlio wa mashaka. Mwisho macho yakatua kwenye benchi lake mwenyewe. Ubao wake wa juu ulikuwa umekauka miaka ishirini na tisa kiwandani na mmoja nyumbani, umechanjwa na kila patasi aliyowahi kushika. Huo alijua umekufa bila kuugonga. Alikaa muda mrefu ameuwekea kiganja. Kisha akachukua msumeno.

Asubuhi akakifunga kigoda kipya ndani ya shuka, akaenda. Alikuta viti vyote vimejaa. Hakutazama sura za watu, macho yake yalikwenda dirishani moja kwa moja, na yakabaki hukohuko. Siku tatu za kuuguza pengo hakuwa amekanyaga pale. Miguu yote minne ilikuwa imevaa majani. Juu yake, lile ua la kununuliwa, lenye jina refu la kitaalamu, lilikuwa limekauka hadi kuwa kama ufagio. Miguu ilikuwa imekunywa maji yote.

Akafungua shuka, akainua kile chungu. Msichana akapiga kelele. Daktari akatoka na glavu mikononi.

"Mzee! Unafanya nini?"

"Nabadilisha. Nimekuletea kizuri zaidi."

"Sitaki kizuri zaidi. Hicho hakitoki hapa. Watoto wakija walikuwa wanalia toka mlangoni, sasa wanahesabu majani ya kigoda mpaka nawaita. Hicho kipya weka pembeni, nitakichukua pia."

"Daktari, hiki ni kibovu."

"Kibovu wapi? Mbona kimesimama?"

"Kibovu!"

"Mimi sioni kasoro. Wewe ndiye fundi, nionyeshe."

Hapo, ndugu zangu, alikuwa ameshinda. Mteja amekataa kurudisha. Alichotakiwa ni kufunga mdomo na kwenda nyumbani kuchukua chumba chake. Lakini chini ya kile kigoda kulikuwa na nukta tatu, na kiliketi mbele ya dirisha kikionyesha mtaa mzima kwamba mwenye nukta hizo hajui kutofautisha mti na mbao. Akatazama dari. Akatazama viatu vyake.

"Nilikosea," akasema, kwa sauti ya mtu anayekohoa. "Mti ulikuwa hai. Mimi nikasema umekufa. Na jino lilikuwa zima, daktari, ulisema kweli. Nilikosea yote mawili."

Kutoka kiti cha nyuma kabisa, nyuma ya gazeti lililofunguliwa, ikasikika sauti anayoijua kuliko sauti zote duniani.

"Rudia."

Gazeti likashuka. Dada yangu, na leso yake ya majani magotini, aliyekuja kumuuliza daktari jino gani lile lililokuwa linauma.

"Mama watoto..."

"Lile neno la mwanzo tu. Mengine nimeyasikia."

"Nilikosea."

"Miaka thelathini na nne," dada akawaambia wagonjwa, "ndiyo kwanza nalisikia leo." Akasimama, akajitengeneza mtandio. "Daktari, kigoda kinarudi au hakirudi?"

"Hakirudi."

"Basi chumba ni chako, baba watoto. Mimi nimeshalipwa."

Wakarudi nyumbani bega kwa bega, Milimita amebeba shuka tupu. Dada akaingia jikoni kumalizia kola ya shati. Akiwa ameinama kwenye cherehani aliona mikono miwili inaishika mashine upande wa pili.

"Inua upande wako," Milimita akasema.

"Kwenda wapi?"

"Dirishani. Benchi halina ubao tena, pale pako wazi tu."

Dada alitanguliza bega, akavuta tumbo, wakaipitisha. Mbao zikasukumwa upande wa pili, na kusema kweli nusu yake ziliishia kwenye jiko la jirani. Hivi sasa mashine inalia humo ndani, naisikia, na Milimita anafanya kazi zake hapa barazani, mvua ikija anainama juu ya randa kama kuku anayelalia mayai. Akishika kipande cha mbao anakigonga bado, siwezi kusema hapana. Lakini akishakigonga anakipeleka dirishani, anasema, "Mama watoto, hebu sikiliza na wewe."

Na kigoda chenyewe? Kipo palepale. Mimi nilikwenda juzi nikakiona kwa macho yangu haya mawili. Kimefika dari, kimetoboa bati, wagonjwa wanakaa kwenye kivuli chake, ndege wanatotoa humo, na kwenye mguu wa kulia, ndugu zangu, kumening'inia matunda matatu, kila moja kubwa kama kichwa cha—

"Shemeji! Matunda gani? Kina majani kumi na moja, na la kumi na moja hata halijakunj—"